Madoa ya Mawese

Adhana ya adhuhuri ilimkuta Chausiku kila siku kwenye pipa la kuchemshia chikichi pale Minago, nguo zimelowa mafuta mekundu. "Nguo hizi hazina tohara, nitalipa sala usiku," alijiambia, na usiku usingizi ukamchukua. Miaka sita hiyo, wallahi!

Juzi jirani yake Fahima, mkamuaji kama yeye, alitandika mkeka kando ya moto akasali na kanga yenye madoa yale yale. Chausiku akashtuka.

"Dada, na hayo mafuta?"

"Mawese iko chakula, si najisi. Nani alikuambia?"

Chausiku akamtafuta kichwani mwake aliyemwambia. Hakumpata. Alasiri ikaadhiniwa, naye bado amesimama palepale, akikoroga pipa ambalo moto wake ulishazimika.