Kompyuta Iliyonukia Udi

Saa mbili asubuhi, Rawiya Idarus anakata utepe wa boksi mbele ya mteja wake, Philip, mwalimu anayefundisha katika kisiwa cha Kiwayu. Boti inamsubiri gatini, lakini Rawiya hana haraka.

"Mwalimu, bonyeza kila herufi," anamwambia. "Kiwayu si hapo nyuma, useme utarudi kesho."

Philip anacheka, anabonyeza.

Rawiya, 34, ni muuzaji katika duka la kompyuta mjini Amu, kisiwani Lamu. Sharti la duka limebandikwa ukutani: kompyuta iliyofunguliwa ikirudishwa bila kasoro ya kiwandani, mteja anakatwa asilimia 15. Yenye kasoro hiyo hurudishwa bila ada.

Sharti hilo nusura limponze mwaka jana.

Bi Alawiya, mkazi wa Amu, alinunua kompyuta ya Sh48,000 kwa ajili ya bintiye, Razan, aliyekuwa akienda chuoni. Akaondoka na boksi halijafunguliwa. Nyumbani akaitoa, akaiweka karibu na chetezo na kuifukiza udi, kama afanyavyo kwa nguo mpya. Razan alipoiwasha, skrini ikabaki nyeusi.

Rawiya aliituma kwa muuzaji wa jumla Mombasa. Jibu likaja: kompyuta inanuka moshi, imeungua mikononi mwa mteja, na ada ni Sh7,200.

"Sikuiteketeza, nimeifukiza!" Bi Alawiya alifoka dukani. "Watu wa Mombasa hawayui udi?"

Mwenye duka, Bwana Abdulwahid, hakutaka maneno mengi. Bi Alawiya asipolipa, ada itatoka kwenye mshahara wa Rawiya, Sh22,000 kwa mwezi.

"Nilimwambia kwa kinywa changu kwamba yenye kasoro haina ada," anasema Rawiya. "Ningemtoza, ningempitia wapi tena? Mji wenyewe ndio huu, sote tunapishana vichochoroni."

Basi akaomba ruhusa ya siku mbili, akavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, na kupanda basi la Mombasa. Mkobani alikuwa na mtandio uliofukizwa na Bi Alawiya mwenyewe.

Fundi wa muuzaji huyo wa jumla, Ronald, anakumbuka vizuri. "Alinipa mtandio ninuse, akaniuliza: huu nao umeungua? Nikaona haya, nikachukua bisibisi."

Ndani hapakuwa na alama ya moto. Waya wa skrini ulikuwa haujakazwa tangu kiwandani. Rawiya alirudi na kompyuta mpya, bila ada.

Tangu siku hiyo, hakuna boksi linalotoka dukani kabla ya kufunguliwa na kujaribiwa mbele ya mnunuzi. Bwana Abdulwahid husimulia kisa hicho kwa kila mgeni, ila sehemu ya kutaka kumkata Rawiya mshahara huiruka.

Rawiya sasa anasomea ufundi jioni. Anataka aidhinishwe kukagua kompyuta hapa hapa Amu, kisha afungue duka lake.

"Na siku ya kufungua, Bi Alawiya atakuja na chetezo chake," anasema, akimkabidhi Philip boksi. "Atazifukiza zote. Mombasa wakisikia harufu, watajua zimetoka kwangu."