Godoro Kichwani

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini askari yule aliketi kwenye benchi la kliniki hapa Kansanga kama aliye zamu. Kando yake binti yake wa darasa la tatu aliinamia viatu vyake. Walipoitwa ndani, sisi tuliobaki kwenye foleni tuliwasikia, maana mlango wa daktari ulikuwa pazia tu.

"Anakojoa kitandani, daktari. Kila asubuhi namzungusha kambi nzima na godoro kichwani. Haachi."

"Tumempima, afande, hana ugonjwa. Hajikojolei kwa kupenda, amelala. Jioni apunguze chai, aende chooni kabla ya kulala. Na hiyo adhabu iishe leo. Jambo hili mara nyingi huwa la ukoo. Kwenu yuko mwingine aliyekuwa hivi?"

Kisha buti ziligongana, kama mtu anayeitikia jina lake kwenye gwaride.

"Mimi."

Ndipo tukasikia sauti ya mtoto kwa mara ya kwanza: "Baba, na wewe ulibeba godoro?"

"Nilibeba."

Kumbe hata adhabu hurithiwa. Walipotoka, binti alikuwa ameinua kichwa. Sisi watu wazima wa foleni ndio tulioinamia viatu vyetu.