Kiatu Chekundu Chini ya Meza

Verna Tuttle alikuwa mchoraji katika bustani ya burudani karibu na Kissimmee, Florida, nami nilimchanganyia rangi kwa miaka kumi na tisa. Binti yake wa pekee, Coralie, alifariki kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita. Wiki ya pili Verna alirudi kazini, akapewa kuchora ukuta wa jikoni kwenye jumba la mizimu, ambamo wageni hupita kwa boti. Chini ya meza aliyoichora, akaongeza kiatu kimoja chekundu cha mtoto, kamba zake hazijafungwa. Hakuomba ruhusa. Aliniambia mimi tu.

Tulipokwisha kustaafu, watu wakaanza kusaka vitu vilivyofichwa humo na kuvitangaza mtandaoni. Kiatu kikapata umaarufu. Ikasemwa ni cha mtoto aliyeliwa na mpishi wa jumba hilo.

Siku moja mimi na Verna tulipanda boti. Mbele yetu alikaa jamaa mwenye kofia iliyojaa beji, wenzake wakimwita Brantley, akiwaeleza.

"Chini ya meza, haraka! Mtoto kaliwa, kimebaki kiatu!"

Wakaangua kicheko. Verna akamgusa bega. "Kijana, hakuliwa mtu. Kiatu hicho ni cha binti yangu. Nilikichora mimi."

"Mama, kila wiki nakutana na aliyekichora. Wa juzi alikuwa na hadithi tamu kuliko yako."

Nikafoka, "We! Rangi yake nilichanganya mimi!"

"Basi kapangeni uongo wenu vizuri, mzee."

"Mwache, Odell," Verna akasema.

Januari ikatangazwa kwamba jumba litavunjwa. Verna aliandika barua tatu kuomba kipande kile cha ukuta. Kimya. Nikaenda mwenyewe kwa msimamizi wa ubomoaji. Alinisikiliza kwa upole, kisha akanionyesha lundo la plasta iliyopondwapondwa.

"Umechelewa siku mbili, mzee wangu."

Nilimweleza Verna jikoni kwake. Hakulia. Alinimiminia kahawa, akabaki ameshika birika.

"Mtandaoni wanakiomboleza," akasema. "Mtoto aliyeliwa. Hata jina hawana."

"Coralie," nikasema, nikidhani namfariji.

"Usilitaje, Odell. Ukilitaja, nakumbuka tumebaki wawili tu tunaolijua. Na wewe moyo wako mbovu."

Ni kweli. Daktari ameshaniambia.