Maziwa ya Bahati Nasibu

Mimi sina subira na watu wanaokaa barazani kuhukumu mambo ya hospitali, hali hawajapata kumshikia mgonjwa bakuli hata siku moja. Nilikuwa yaya wa wodi ya wanawake kule Wete, na chakula chetu nakijua: uji mweupe asubuhi, muhogo jioni, na safura inawanyonya watu damu huku tunatazama.

Basi mke wa daktari, Mzungu mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, akazua bahati nasibu. Mhindi mmoja mwenye duka akatoa cherehani iwe zawadi, nasi mayaya tukapewa tikiti tuziuze. Niliuza mpaka sauti ikanikauka. Pesa zikapatikana. Wagonjwa wakanunuliwa maziwa ya kopo na mayai, na sisi tukashonewa kanzu mpya za kazi, maana zile za zamani zilikuwa zimebaki nyuzi. Ijumaa iliyofuata Shehe akasema msikitini kwamba bahati nasibu ni kamari, na kilichonunuliwa kwa kamari ni haramu. Akenda zake kula chakula chake cha mchana.

Wiki ile ile mama yangu akaletwa kutoka Kengeja juu ya lori, viganja vyeupe pe. Daktari akaniambia waziwazi: damu imemwisha, dawa peke yake haitoshi, asipokunywa maziwa atakufa. Nikamkorogea bakuli. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mdomo wake haulali, akamwinamia.

"Bi mkubwa, hayo ndiyo ya kamari."

Mama akalisukuma bakuli. "Bora nife na tumbo safi."

Loo! Yule mwanamke nilimchukia, astaghafirullah, nikatamani kumfunga kinywa kwa bendeji. Siku tatu mama hakugusa kitu ila maji na uji. Nikabembeleza, nikagomba, nikalia. Siku ya nne nikachukua birika la nyumbani, nikatia maziwa yale yale ya kopo.

"Mama, haya ya mbuzi wa shangazi. Yamekuja na lori la Kengeja."

Alinitazama mimi, kisha akaitazama kanzu yangu mpya.

"Apa."

"Wallahi."

Akanywa. Kila siku nikaleta birika, naye hakuuliza tena. Baada ya wiki chache viganja vikarudiwa na rangi, akapanda lori kwa miguu yake mwenyewe.

Mimi ndiye niliyebaki mgonjwa. Kiapo cha uongo si mchezo. Nilifunga siku tatu, nikatubu, lakini kila nikisikia mtu anaapa moyo ulinipasuka. Na kumwambia mama sikuthubutu.

Miaka ikapita. Alipolazwa na maradhi ya mwisho, nyumbani kwake Kengeja, tukaombana radhi kama ilivyo ada. Nikaona nikinyamaza sasa, basi tena.

"Mama, nisamehe. Yale maziwa hayakuwa ya mbuzi."

Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Shangazi yako mwaka ule alikuwa hana hata mbuzi mmoja. Kwani mimi sikai Kengeja?"

"Sasa ulikunywaje, mama, na ulijua?"

"Ulikuwa umeshaapa mara moja, mwanangu," akasema. "Nilikunywa usije ukaapa tena."