Moto wa Kuomba

Jumapili, tarehe 9 Novemba 1975. Mvua ilianza kabla ya jogoo kuwika, ikakatika saa tatu asubuhi, ikatuachia matope ya kuvulia viatu. Nilifurahi, kwa kuwa naona mgeni mwenye matope miguuni hukaa kwa adabu zaidi. Sina uhakika kama ni kweli, ila ndivyo nilivyowaza nikifagia ua.

Wageni walikuwa wanatoka Nyamwaga kumposa wifi yangu, dada wa mume wangu. Kijana mposaji tulimfahamu, tena kuliko tulivyopenda. Mwaka uliopita, wakati wa kuhamia vijijini, alikuwa mgambo, na ndiye aliyechoma nyumba ya mama mkwe wangu kule mlimani ili asiwe na pa kurudi.

Nisimwonee. Hakumpiga mtu. Kabla ya kuchoma alitoa nje jiwe la kusagia, vibuyu, na kuku aliyekuwa ameatamia, pamoja na mayai yake. Na huku chini tulikoletwa kuna zahanati, ambako mwanangu alitibiwa surua. Kule juu sijui ningembeba mpaka wapi. Hayo ni kweli. Nyumba iliungua, na hilo nalo ni kweli. Mimi niliishia darasa la nne, sikufundishwa namna ya kutoa moja kwenye jingine katika mambo ya aina hii.

Siku ile ya lori la kutuhamisha, kijana huyo huyo alimbebea wifi yangu mzigo mpaka barabarani. Nadhani ndipo yalipoanzia.

"Wifi, mama ataharibu," wifi aliniambia jikoni, akisugua sufuria lililokwisha takata. "Tangu juzi ananiangalia kama ng'ombe wa wizi."

"Hataharibu."

"Nyumba yenyewe ilikuwa inavuja!"

Nikakubali. Ilikuwa inavuja.

Lakini nilijua mama ana neno. Kwetu ng'ombe wa mahari wakishaingia zizini, mkwe na mama mkwe hawatazamani tena usoni. Yeye akipita njia hii, wewe unapita ile. Hamketi pamoja wala hamhojiani. Ni heshima nzuri, imezuia ugomvi mwingi. Mama aliiona kwa upande wake mwingine. "Ng'ombe wakiingia," alisema asubuhi akijifunga kanga, "mdomo wangu umefungwa mpaka kaburini. Kwa hiyo nitamuuliza leo."

Wazee walikwisha ketishwa. Upande wetu walikuwa mume wangu na baba yake mdogo, maana baba mkwe alifariki zamani. Upande wao, kijana na baba yake. Vijiti vya kuhesabia ng'ombe vilikuwa vimetandazwa juu ya ngozi. Mama akaingia na kigoda chake, akakaa karibu na mlango.

"Karibu, mama," baba wa kijana alisema, "ingawa haya ni mambo ya wanaume."

"Asante kwa kunikaribisha kwangu." Akamgeukia kijana. "Mura," akamwita, kama tunavyowaita vijana kwetu, "nina swali."

Baba wa kijana akawahi. "Kama ni ile nyumba, ile ilikuwa amri. Mwanangu alikuwa mkono tu. Kichwa kilikuwa bwana mkubwa wa operesheni."

"Kiko wapi hicho kichwa?"

"Kimehamishwa."

Baba mdogo alicheka mpaka ugoro ukammwagikia mapajani. Yeye aliwahi kuwa askari wa Mwingereza, akafika Burma, na kila jambo lazima lipitie huko. "Vichwa huhamishwa, ndugu yangu. Tulipokuwa tunarudi kutoka vitani tulisikia redioni kwamba wakubwa wa Wajerumani wamewekwa mbele ya majaji wa mataifa. Kila mmoja akasema, mimi niliamriwa. Aliyeamuru yuko wapi? Amekufa. Majaji wakasema, amri tumeisikia, sasa jibu wewe."

"Unamlinganisha mwanangu na Wajerumani?"

"Hapana! Wale waliua watu kama panzi. Mwanao aliokoa kuku. Nasema lile jibu tu, jibu ni moja."

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la uji, nikaona mzee amevuka mpaka. Mahakama ya dunia nzima, na kibanda cha nyasi! Hata sasa naona ni kubwa mno. Lakini mama hakuwa na habari na Wajerumani.

"Amri sikuuliza," alisema. "Uliambiwa uchome, ukachoma. Ninachouliza ni kimoja. Uliambiwa uniombe moto?"

Mimi siku ile nilikwisha kupanda lori, nilikuwa sijui. Akaeleza, bila kupandisha sauti. Kijana alisimama mlangoni, akaamkia vizuri, akasema, mama, naomba moto. Moto jirani hanyimwi. Mama akainama, akachagua kaa lililoshika vizuri, akampa juu ya kigae cha chungu, akamwambia angalia usiungue. Kijana akazunguka nyuma ya nyumba, akalitia kwenye nyasi za paa.

"Mwaka mzima," mama akasema, "nikiinama mekoni naona mkono wangu unakupa."

"Usijibu," baba wa kijana akamwambia mwanawe. "Ukikiri hapa, kesho mlima wote utakuwa mlangoni kwangu."

Nyuma yangu wifi alikuwa ameshika gauni langu kwa ngumi mbili.

"Kiberiti kilikuwa kimekwisha nilipochoma nyumba za bondeni," kijana akasema.

"Ungeniambia ni moto wa kazi gani."

"Niliona aibu, mama."

"Basi," baba mdogo akasema taratibu, "mkono hauoni aibu."

Hapo mimi nilichanganyikiwa. Aliyeona aibu alijua kwamba anakosea, hilo naliona. Lakini wale wengine waliochoma wakicheka, je, kosa lao ni dogo kwa kuwa hawakuona aibu? Baadaye nilimuuliza mume wangu, akaniambia nichote maji.

Kijana alisimama. Matope yalikuwa yamemkaukia mpaka magotini. "Kuchoma niliamriwa," akasema, "na nilichoma. Kuomba moto hakuna aliyeniambia. Si bwana mkubwa, si serikali. Nilibuni mimi."

"Na wale wa bondeni wakikuuliza?" mama akasema.

Kijana akamtazama baba yake, ambaye alikuwa anatazama vijiti.

"Nitawajibu."

Mama akamtazama usoni kwa muda, kama mtu anayejishibisha kabla ya safari. Kisha akainuka, akavuta kanga mpaka puani. "Endeleeni na ng'ombe wenu," akasema, akatoka.

Baba mdogo hakuweza kujizuia. Akaongeza kijiti kimoja juu ya ngozi. "Na huyu ni wa moto."

"Kiondoe!" sauti ya mama ikatoka nyuma ya ukuta. "Lile lilikuwa swali, si mnada."

Mzee akakiondoa. Baba wa kijana alicheka wa kwanza, na nadhani ndipo walipopatana, ingawa mume wangu anasema ni kwa sababu ya kuku niliyewapikia.

Walipoondoka jioni, kijana alipita nyuma ya zizi, mbali na mlango wa mama, kabla hata ng'ombe mmoja hajaja. Jikoni nako tulikuta moto umezimika. Kuni zilikuwa zimelowa, na kiberiti dukani hakikuwapo tangu mwezi uliopita. Wifi akachukua kigae aende kwa jirani.

"Waambie ni wa kupikia," mama akamwambia.

Wifi akamkata jicho, kisha akacheka, akaenda. Moto ukaja. Kuku wageni walimmaliza mpaka shingo, kwa hiyo sisi tulikula ugali wa muhogo na mtama kwa majani ya maboga, na mama akajiongezea mara mbili.