Kamera ya Mzee Mbili

Mtaani walimwita Mzee Mbili, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Miaka thelathini alipiga watu picha kwa hila ileile: anahesabu moja, mbili, tatu, lakini anabonyeza kwenye mbili, kabla hawajakaza nyuso kama wanaosubiri sindano. Mkewe alishika taa pembeni, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama mkono unamuuma.

Kisha kiharusi kikampiga mzee, mkono wa kulia ukalala. Yeye akasingizia kamera: nzito mno, akipata nyepesi atarudi kazini kesho. Mkewe alijua anajidanganya, ila hakuwa na moyo wa kumwambia. Wakaenda dukani.

Muuzaji, mwanamke mpole mwenye miwani, alimpangia kamera tatu juu ya meza. Ya kwanza ilimponyoka, mkewe akaidaka. Ya pili ilimshinda. Ya tatu ilikuwa nyepesi kweli, lakini kitufe kilikuwa kulekule kulia.

"Hamna za mkono wa kushoto?"

"Zote zimetengenezwa hivi, mzee wangu. Ila ukiipindua juu chini, kitufe kinakuja kushoto. Hebu jaribu."

Akaipindua, akamlenga mkewe. "Moja... mbili..." Kidole kikachelewa. Kilipobonyeza, tatu ilishapita, na pichani mkewe alikuwa amekaza uso kama mteja wa mpiga picha yeyote yule.

Mzee Mbili aliitazama picha hiyo. Iliuma kuliko siku aliyoanguka, maana siku ile hakujua alichopoteza.

"Kamera ni nzuri," akasema. "Ila si yangu. Mpe mama watoto, tuone inavyomkaa."

"Baba watoto, mimi si mtu wa taa?"

"Taa nitashika mimi. Mkono wa kushoto si ninao?"

Mkewe akaipokea. Ikamkaa mkononi barabara, kidole kikaangukia kitufe bila kutafuta. Akaiinua usoni.

"Moja, mbili..."

Ikalia. Pichani mzee alikuwa na machozi aliyokuwa hajayafuta.

"Umebonyeza kwenye mbili," akasema.

"Sasa miaka yote ile," mkewe akajibu, naye analia, "ulidhani nilikuwa naangalia taa?"