Nati Inayofungwa kwa Vidole

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe nilivyokuwa kijana. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikusikia kwenye simu ukimwambia bosi wako kwamba fundi ndiye aliyeharibu gari. Ulipokata simu ukacheka. Kicheko kile nakijua, kwa hiyo kaa hapo unisikilize.

Nilikuwa dereva wa Mama Tekla, mfanyabiashara wa mahindi hapa Songea. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea magunia kutoka Maposeni. Saa yake ya spidi ilikuwa ya zamani, haitumii umeme. Waya mrefu unatoka kwenye giaboksi, unazunguka ndani ya ganda lake, na ndio unaosukuma mshale na zile namba za kilomita. Mama Tekla hakujua kuendesha, lakini namba zile alizisoma kila jioni. Alijua Maposeni kwenda na kurudi ni kilomita ngapi, na ole wako zizidi.

Mimi nilikuwa na mpenzi wangu kule Matogoro, na nilitaka anione nyuma ya usukani. Basi kila Jumapili baada ya misa naingiza mkono nyuma ya dashibodi, nachomoa waya, namba zinalala, nami natanua. Nikirudi naurudisha. Nati ya waya ule hufungwa kwa vidole tu, lakini mimi na haraka zangu niliikaza kwa koleo, na waya nikaupinda ovyo. Nilijiona mjanja kuliko Songea nzima.

Haukupita muda mshale ukaanza kurukaruka. Kisha waya ukawa unalia, na mwisho mshale ukalala kwenye sifuri. Mama Tekla akamwita Fundi Kasiani, mzee aliyekuwa amefunga waya mpya mwezi mmoja nyuma, akamwambia usoni kwamba amemfungia waya uliokwisha kutumika.

Mzee akaliendea gari. Aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akaweka gia huru, akaniambia nizungushe gurudumu kwa mkono. Akachomoa waya nyuma ya saa, akaitazama ncha yake. Hauzunguki. Maana yake saa haina kosa. Akaingia chini, akaufungua upande wa giaboksi, nikazungusha tena. Kigia kinachousukuma waya kilikuwa kinazunguka vizuri. Basi kilichobaki ni waya. Akauvuta taratibu, ukatoka vipande viwili, umekatika palepale ulipopindwa. Ninyi vijana mngeshanunua saa, kigia na waya, vyote kwa kubahatisha.

Akaishika ile nati, akaigeuzageuza mbele ya Mama Tekla. Ilikuwa imetafunwa na meno ya koleo.

"Hii mimi nafunga kwa vidole," alisema. "Nani amefungua hapa?"

Mama Tekla akanigeukia. Nami, mwanangu, nikasema, "Mimi sijagusa, mama. Labda ni yeye mwenyewe siku ile alipofunga."

Mzee alinitazama. Mimi nikatazama tairi. Mama Tekla aliniamini kwa sababu alisali na wazazi wangu jumuiya moja, akaamini mtoto wa mwanajumuiya hawezi kumdanganya. Kikulacho ki nguoni mwako. Akamkataza Kasiani asiguse tena gari lake, na wiki hiyohiyo akalisema jambo lile kwenye jumuiya, mbele ya majirani wote. Nilikuwepo. Niliinamisha kichwa kama ninayesali.

Kazi zikamkimbia yule mzee. Akafunga gereji yake, akarudi kwao Maposeni kulima, na umri ule. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu na ya lami, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Kwaresima ilipofika nilikwenda kitubio. Padre akaniambia nimfuate niliyemdhulumu. Nikamkuta shambani anapalilia, nikamwamkia, "Shikamoo babu." Nikamweleza yote. Hakuacha kulima.

"Umekuja kuniambia mimi?" alisema. "Mimi nilijua tangu siku ile. Nenda kawaambie wasiojua."

Sikwenda. Niliogopa kazi, niliogopa aibu, nikajiambia Jumapili ijayo, na Jumapili hazikuisha. Kasiani alifariki kabla ya mavuno. Kwenye mazishi yake Mama Tekla alikaa karibu nami, akanong'ona, "Alikuwa na mkono mzuri, basi tu alikuwa mwizi." Hapo ndipo nilipomwambia, kaburi likiwa wazi. Akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti. Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye jumuiya nikasema yote, na kazi nikaikosa kama nilivyoogopa. Lakini mzee hakuwepo kusikia jina lake likisafishwa, wala mjane wake hakupata cha kumrudishia zile siku za jembe.

Sasa usiniletee habari kwamba ni uongo mdogo. Ukikosea kazi, sema nimekosea, ugombezwe, ulale. Kitu kikiharibika, kichunguze hatua kwa hatua kabla hujamtaja mtu. Na ukiwa umeshalichafua jina la mwenzako, usiende kumwomba radhi pembeni. Nenda palepale uliposema uongo, mbele ya walewale waliousikia, naye angali hai.

Fundi wako yu hai, nimemwona asubuhi sokoni. Simu unayo mkononi. Mpigie bosi wako sasa, nami nisikie. Ukimaliza, Mungu akupe usingizi ambao mimi sijaupata, na jina lako litajwe kwa wema hata usipokuwepo.